Mashine ya Mjapani Isiyo na Mwimbaji

Mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya vitu. Wageni wakija nakaa nyuma ya mlango, kanisani nakaa nyuma ya Mama, na darasani nimechagua kukaa nyuma ya msichana mrefu kuliko wote ili mwalimu akitafuta wa kumuuliza asinione. Siku moja mwalimu wa historia aliniona hivyohivyo. Akaniuliza swali, nikajibu, akaweka mkono sikioni. "Umelijibu dawati," akasema, "sasa nijibu na mimi." Darasa lote likacheka. Jibu lilikuwa sahihi, ila ni dawati tu lililolisikia. Ndiyo maana napenda kuandika. Karatasi haijawahi kuniambia niongeze sauti.

Ninayoandika hapa ni ya mwaka jana, mwaka aliochumbiwa dada yangu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Singe. Tulilala kitanda kimoja tangu nilipoanza kukumbuka mambo. Foleni tulikwenda pamoja: yeye anasimama ya sukari, mimi nasimama ya sabuni, halafu tunabadilishana ili mmoja akapumzishe miguu ukutani. Tena yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Mtu akiniuliza hata nasoma darasa la ngapi, dada ndiye aliyejibu.

Mchumba wake alikuwa karani wa ofisi moja hapa mjini Babati, mtu wa Moshi, mpole, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Huyo hakuwa na taabu. Taabu ilikuwa dada yake mkubwa, mama mmoja mnene, mchangamfu, anayekaa Arusha mjini na anayejua kuvaa. Walipoleta posa, huyo mama alikaa kwenye kiti cha Baba bila kujua ni cha Baba, akatazama chumba chetu kuanzia dari mpaka sakafu, akanywa chai yetu ya sukari guru bila kukunja uso, jambo ambalo lilitufurahisha, kisha akamgeukia dada.

"Sasa wifi," akasema, "siku ya kukuaga mtatuwekea muziki au mtatupigia debe?"

Wanawake waliokuja naye wakacheka mpaka wakapigana viganja. Dada naye akacheka, maana bibi harusi mtarajiwa hana ruhusa ya kununa. Lakini wakati tunaosha vikombe niliona anakisugua kikombe kimoja kama anataka kukitoa maua yake.

Jioni akamwambia Baba, "Baba, mimi sitaki makubwa. Soda zikikosekana, zikosekane. Gauni nitaazima. Ila nataka muziki wa mashine. Kwaya iimbe, sawa, lakini na muziki wa mashine uwepo, watu wacheze. Yule wifi asije akarudi Arusha na hadithi ya debe."

Baba alikuna kidevu. Mtu wa baa aliyekuwa na vyombo vya disko, amplifaya yake ilikuwa imeungua tangu masika na kipuri hakipatikani hata Arusha. Mwingine alikuwa na gramafoni nzuri kabisa, lakini haina sindano. Kwaya ya usharika wetu ilikuwa na vinanda viwili, na betri hazikuwepo hata za kinanda kimoja. Ndivyo mji ulivyokuwa: kila mtu ana kitu, na kila kitu kimepungukiwa kitu.

Ndipo Baba akakumbuka mashine ya Mjapani.

Baba ni dereva wa mradi wa visima, wenye karakana yake huko barabara ya Bonga. Mjapani alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyekuja kuchimba visima hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha visima tu: chimba, simama, bado, maji safi. Zaidi ya hapo alitumia mikono. Jioni, Baba alituambia, alikuwa akijifungia chumbani kwake pale karakana, anafungulia muziki, na yeye anaimba kwa sauti kubwa, macho kayafumba, hadi walinzi wanakonyezana. "Tulimwacha," alisema Baba. "Mtu yuko mbali na kwao."

Siku ya kuondoka, gari likiwa linaunguruma, Mjapani alimwita Baba, akamwonyesha sanduku jeusi lenye vitufe vingi, kasha la kanda, na transfoma nzito kama tofali, maana umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu na bila transfoma mashine ingeungua. Kisha akachukua kipaza sauti, akakiweka mkononi mwa Baba, akavifunga vidole vya Baba kimoja kimoja juu ya kile kipaza sauti, akainamisha kichwa, akaondoka. Baba akashukuru sana, akijua amepewa redio ya kanda kubwa.

Sasa dada alipotaka muziki, tukaenda karakana siku ya Jumamosi familia nzima, na Bibi pia, mama yake Baba, aliyekuwa ameshuka kutoka Mbulu kwa ajili ya harusi na hakutaka kupitwa na jambo. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa kazini, kwa hiyo jenereta lilikuwa linanguruma. Baba akachomeka, akaingiza kanda.

Jamani, ule muziki! Ngoma zikaingia, zikaja nyuzi, zikaja tarumbeta, mpaka nikasikia nywele za shingoni zinasimama. Dada akaanza kutikisa mabega. Tukafika pale ambapo mwimbaji anatakiwa kuingia. Vyombo vikapungua kidogo, kama vinavyompisha mtu mlangoni.

Hakuingia mtu.

"Anakuja," akasema Baba.

Tukasubiri. Tarumbeta zikapita tena, zikampisha tena. Hola. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukaisha wenyewe bila neno hata moja. Baba akaweka wimbo wa pili, wa tatu, akabadilisha kanda. Kote ni hivyohivyo: vyombo vimejipanga, mwimbaji hayupo.

"Labda anaona aibu," akasema Bibi kwa Kiswahili chake cha milimani, akaninyooshea kidole. "Kama huyu."

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilimwonea huruma huyo mwimbaji, popote alipokuwa.

Akaletwa fundi redio wa sokoni, kijana anayejiamini sana, penseli juu ya sikio. Akaifungua mashine, akapuliza vumbi, akapangusa kichwa cha kanda kwa spiriti na pamba, akaweka sikio kwenye spika kama daktari. Kisha akasimama.

"Mzee, iko hivi," akamwambia Baba. "Vyombo vinapita njia hii. Mwimbaji anapita njia hii hapa. Njia ya vyombo nzima. Njia ya mwimbaji imekufa."

"Inafufuka?"

"Kipuri kikipatikana."

"Kinapatikana wapi?"

"Japani."

Hata yeye alicheka. Siku zile mpira wa baiskeli tu ulikuwa hauonekani mjini, sembuse njia ya mwimbaji wa Kijapani.

Dada akasema basi, iwe hivyohivyo. Muziki upo, maneno hayapo, watu watacheza. "Nani husikiliza maneno akiwa anacheza?" Akalisema kwa furaha, lakini kwa kuwa nalala naye namjua: alikuwa anajipa moyo. Kisha Baba akanigeukia mimi.

"Wewe msomi, hivi vitufe jifunze. Siku hiyo utakaa na mashine."

"Baba, ni Kijapani."

"Si maandishi? Sekondari mnasoma nini?"

Nitasema ukweli: nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimeshaanza kuiogopa ile sherehe, kukaa mbele na familia, kutambulishwa, kuinuka na kupungia watu mkono. Mtu wa mashine hakai mbele. Mtu wa mashine ana kazi. Tungeweka meza, mashine juu ya meza, na mimi nyuma ya mashine. Ilikuwa kama Mjapani ameniachia kitu kingine kizuri cha kujificha nyuma yake.

Basi baada ya shule nikawa napita karakana. Mashine ilikuwa stoo, kati ya matairi na mifuko ya saruji, na nilitumia umeme wa jenereta wakati fundi akichomelea. Kila alipochoma, wimbo ulilegea kama mtu anayesinzia, akiinua mkono ukaamka. Nikazoea.

Vitufe nilivipa majina yangu. Kulikuwa na kimoja kikubwa cha kuzungusha; upande mmoja kilikuwa na alama ya mtu aliyenyoosha mikono na kutanua miguu, upande wa pili alama ya mtu mwembamba aliyeshusha mikono. Ukizungusha kwenda kwa aliyenyoosha mikono, sauti inakua. Kwenda kwa aliyeshusha, inapungua. Nikampenda huyo wa pili, tunafanana. Kingine kilikuwa na alama kama nyumba ya ghorofa yenye dirisha katikati. Hicho kinapandisha wimbo juu, ukawa mwembamba kama wa watoto. Kingine kilikuwa na kitu kama herufi I ya kwenye kichwa cha gazeti, kisha kibanda kisicho na ukuta wa kushoto, kisha mstari. Hicho kilinisumbua. Nilikizungusha mwanzo hadi mwisho, muziki haukubadilika hata kidogo. Nikakiita kitufe cha uvivu.

Mpaka siku niliyopata mafua. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti nakipangusa vumbi, kidole kikasukuma swichi yake ya pembeni, nikapiga chafya. Stoo nzima ikapiga chafya. Chafya ikarudi, ikarudi tena, ikaenda kufia huko kwenye matairi kama tuko ndani ya kanisa kubwa. Niliruka. Kisha nikatazama kitufe cha uvivu, nikakirudisha nyuma, nikasema "haa" polepole. Haikujirudia. Nikakizungusha mbele. "Haa" ikaenda mbali, ikarudi. Kumbe hakikuwa kivivu, kilikuwa kinasubiri mtu.

Nikakaa juu ya tairi. Kanda ilikuwa bado inatembea, ikafika pale pa kumpisha mwimbaji. Nikaelewa. Hakuna njia iliyokufa. Vyombo vilikuwa vinampisha aliyeshika kipaza sauti. Yule Mjapani hakuwa anaimba pamoja na mwimbaji. Mwimbaji alikuwa yeye.

Maneno ya Kijapani sikuyajua, kwa hiyo nikatia yangu. Sauti niliiweka kwa yule mtu aliyeshusha mikono, ili isitoke nje ya stoo. Niliimba yaliyokuwepo: foleni, ndoo, unga wa njano, na dada anayeondoka. Nikichomekea neno lisiloenea nalitoa, naweka jingine. Kuna wimbo mmoja wa polepole nilioupenda kuliko zote, huo niliutungia maneno hadi mwisho. Pale stoo sauti yangu, nikiwa na kile kitufe, haikuwa sauti ya dawati. Ilikuwa sauti ya mtu fulani ambaye ningependa kumfahamu.

Jioni nikajikaza, nikasema mezani. "Mashine ni nzima. Anayeimba ni mwenye mashine."

Baba akaweka tonge chini.

"Mwanangu, mtu atoke, anunue mashine yote ile, halafu aimbe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukinunua jiko, na chakula unapika mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba," akasema dada, na hapo Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Bibi akataka kujua tumecheka nini, akaelezwa, akasema Wajapani wana akili sana, hawawezi kutengeneza kitu cha kijinga hivyo. Mazungumzo yakahamia kwenye mbuzi wa sherehe. Sikurudia. Mimi kusema jambo moja mara mbili ni kazi kubwa.

Siku ikafika. Sherehe ya kumuaga dada ilikuwa nyumbani kwetu Nangara, mchana, kwa sababu dizeli iliyopatikana kwa jenereta dogo la karakana isingefika jioni. Uwanja ulifagiliwa, viti viliazimwa usharikani, soda zilikuja kwa kibali na kila watu wawili wakapewa moja na mirija miwili. Niliomba meza ya mashine ifunikwe shuka, lile kubwa la Mama, lifike chini pande zote. Mama akasifu kwamba sasa nimeanza kuwa na macho ya mapambo. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeshaweka kigoda nyuma.

Mshereheshaji alikuwa mwalimu mwenzake dada, mtu wa utani, sauti yake haihitaji mashine. Kwaya ikaimba vizuri. Bibi akaomba dua ndefu. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Sasa mabibi na mabwana, kwa mara ya kwanza hapa Nangara, muziki kutoka Japani!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Dada akasimama na mchumba wake, gauni la kuazima limemkaa kama lake, na viatu vyeupe vilivyokuwa vinambana. Wifi yake alikuwa mstari wa mbele, amevaa vitenge vipya, na begani amekunja khanga mpya, doti nzima haijakatwa, ambayo macho ya wanawake wote wa Nangara yalikuwa yameshaiona. Khanga mpya mwaka ule ilikuwa kitu cha kuamkiwa shikamoo.

Nikabonyeza. Ngoma zikaingia, nyuzi, tarumbeta. Vigelegele vikazidi. Dada akaanza kucheza, watu wakainuka. Tukafika pale.

Vyombo vikampisha mwimbaji. Watu wakapunguza mwendo, wakitega sikio. Hakuja. Wakaendelea kidogo, wakapunguza tena. Ni ajabu, lakini watu hawajui kucheza wakiwa wanamsubiri mtu. Mmoja akakaa. Wengine wakakaa.

Mshereheshaji akajaribu kuokoa. "Tuwe na subira, ndugu wageni! Mwimbaji yuko foleni ya sukari. Akipata kilo yake anakuja!"

Kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, hata Baba alicheka. Lakini wimbo ukaisha bila mwimbaji, ukaanza wa pili, na wifi akainua sauti kutoka mstari wa mbele, kwa utani kabisa, mkono kiunoni:

"Kama mwimbaji wenu ameungua, jamani, leteni lile debe!"

Upande wa kwao ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nachungulia pembeni mwa meza. Nikamwona dada amesimama katikati ya uwanja, mchumba kamshika mkono, na hachezi tena. Alikuwa anatabasamu lile tabasamu la kusugua vikombe. Na hakuwa anamtazama wifi yake. Alikuwa anatazama meza ya mashine, mahali nilipokuwa, kama mtu aliyezoea kwamba tukiwa wawili foleni haitushindi.

Sikusimama. Nisijisifu. Nilichofanya ni kukivuta kipaza sauti kwa waya wake, nikainua shuka, nikaingia chini ya meza. Mkono mmoja niliuacha juu: nikatoa kanda, nikaweka ile ya wimbo wangu, nikakizungusha kitufe cha kanisa kubwa hadi nusu, na kwa mara ya kwanza nikakipeleka kile kitufe kikubwa kwa mtu aliyenyoosha mikono. Kisha mkono ukaingia ndani. Mle chini kulikuwa na giza jeupe la shuka, harufu ya majani, na kuku mmoja aliyekuwa amenitangulia. Nikafumba macho. Vyombo vikapisha.

*Dada unaondoka, ndoo unaniachia,*
*foleni ya sukari nani atanishikia?*
*Kitanda kilikuwa kidogo, wewe unanilalia,*
*leo kimekuwa kipana, usingizi wanikimbia.*

Huko nje nikasikia sauti ya Baba, "Heee!" na kelele kama za goli.

"Amekuja! Mwimbaji amekuja!" akapiga kelele mshereheshaji. "Amepata sukari!"

"Mjapani anaimba Kiswahili!"

"Tena anaijua foleni yetu!"

"Ameambiwa na nani habari za kitanda?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama.

Nikaendelea. Miguu ikaanza kupita karibu na shuka, mingi, inacheza: viatu, ndala, makatambuga ya tairi. Nikaimba ubeti wa sabuni tuliyokuwa tunaikata kwa uzi, nusu yake na nusu yangu, nikasikia mwanamke analia na kucheka pamoja. Kisha vikaja viatu vya kisigino ambavyo havikuwa vya Babati, vikasimama mbele ya meza, vikikanyaga kwa mpigo.

Mwimbaji akikugusa, unamtunza. Huwezi kumwacha hivihivi. Wifi alikuwa amekuja kutunza. Sasa angemtunza nani? Mashine ndiyo iliyokuwepo. Nikasikia watu wanashangilia, na baadaye nimeambiwa alichofanya: alikunjua ile khanga yake mpya, akaivisha mashine, akaifunga fundo kwa mbele kama anamfunga mtoto, akaipigia kigelegele.

Ubeti wa mwisho niliuimba polepole. Nilikuwa nimezama kiasi kwamba sikusikia kanda ilipofika mwisho na kitufe kikajirukia juu, tak. Vyombo vilikwisha, kipaza sauti kikabaki hai, mimi naendelea. Nimeambiwa pia kwamba watu waliacha kucheza mmoja mmoja, mpaka uwanja mzima ukabaki umesimama, mashine imezima na imevaa khanga, na bado inaimba.

"Imezima," akasema Bibi kwa sauti ya kutetemeka. "Imezima lakini inaimba. Mwiteni mchungaji."

Nikanyamaza. Nikafumbua macho. Shuka likainuka, na uso wa wifi, mkubwa, wenye jasho, ukaingia chini ya meza kutoka upande wa pili. Tukatazamana. Kuku akatoka.

"Eh!" akasema. "Kumbe mwimbaji ni mtu!"

"Shikamoo," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo shikamoo yangu ilikwenda hadi kwa majirani, ikarudi.

"Marahaba, mwanangu!" akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani na vitenge vyake vyote. "Marahaba! Hebu toka huko nikuone. Nimetunza sanduku, kumbe mwenye koo yuko uvunguni!"

Nikatoka kwa magoti. Sijui kama nimewahi kuona macho mengi hivyo kwa mara moja. Yule mama akafungua fundo, akaivua mashine khanga, akanifunga mimi mabegani, akakaza. "Hii ni yako. Na lile debe nimelifuta. Sasa imba tena, umesimama."

Nilitaka kurudi chini. Nasema kweli, nilipima umbali. Lakini dada alikuwa ameshafika, viatu amevivua amevishika mkononi, macho yamemwiva. Akaniegemea sikioni. "Fumba macho ukitaka," akasema, "lakini simama hapa na mimi." Akairudisha kanda mwanzo mwenyewe, akabonyeza kitufe kisicho chake, wimbo ukaanza juu sana, mwembamba kama wa watoto, na ndivyo nilivyouimba. Sikuuimba vizuri. Sauti ilitetemeka, ubeti wa pili niliusahau nikarudia wa kwanza. Hakuna aliyejali. Wifi alikuwa anacheza na Bibi.

Baada ya hapo kipaza sauti hakikuwa changu tena. Mchumba, yule wa kucheka kwa mabega, akataka kujaribu. Mwinjilisti wa usharika wetu akataka kujaribu. Wifi akaimba mambo ya Arusha yasiyofuata wimbo wowote. Watu wa kwetu wanajua kusimama foleni kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo bila kuambiwa wakajipanga, kuanzia mezani hadi kwenye ua wa jirani, na mshereheshaji akawa anapita pembeni akipiga kelele, "Wimbo mmoja kila kaya! Msisukumane! Hakuna ulanguzi!"

Fundi redio alikuwa katikati ya foleni, penseli sikioni. Alipofika kwangu akasema, "Unaona? Nilisema njia ya mwimbaji ndiyo yenye matatizo," na akaimba vizuri sana.

Nyuma yake alikuwa Baba. Amesimama kwenye foleni kama wageni wengine, koti la harusi, kofia mkononi. Nikachukua kipaza sauti, nikakiweka kwenye kiganja chake, nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja, nikainamisha kichwa.

Baba alitazama mkono wake. Akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Kumbe Mjapani alikuwa ananiambia," akasema.

Nikampandishia sauti. Baba hajui kuimba, na hakuwa na maneno yoyote, kwa hiyo aliimba alichokumbuka, macho ameyafumba: chimba, simama, bado, maji safi. Uwanja mzima ukamwitikia, chimba, simama. Dada alicheza peku. Baba alipofika kwenye maji safi kwa mara nyingine tena, jenereta likakohoa, likalegea, likanyamaza, dizeli imekwisha. Hakuna aliyekaa. Wifi akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na debe letu la maji amelikumbatia kiunoni, akaanza kulipiga.